VIKWAZO VYA UMOJA WA MATAIFA NA SISI TUNAOPAKIA MIZIGO



Wako watu wanaosema kwamba vikwazo vya biashara ni habari ya mabalozi na mabenki, na mtu wa reli hana haja ya kuvijua. Sisi hatukubali. Mzigo uliokatazwa unapita katika meli, lori na behewa kama mizigo mingine, na kila mahali pana mfanyakazi aliyeupakia, aliyeufunga lakiri na aliyetia sahihi. Siku mambo yakigeuka, sahihi inayotafutwa kwanza ni ya karani, si ya mkurugenzi.

Tutazame habari ya Rhodesia, kwa kuwa ni habari ya reli hasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi peke yao. Mwezi wa Aprili 1966 Baraza la Usalama liliipa Uingereza ruhusa ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zisifike Beira, maana hapo ndipo lilipoanzia bomba la kupeleka mafuta Rhodesia. Desemba mwaka huo huo Baraza likakataza Rhodesia isiuziwe mafuta, na mwaka 1968 likakataza karibu biashara yote. Manowari za Uingereza zikakaa mbele ya Beira mpaka 1975. Lakini mtu wa reli akitazama ramani atacheka kwa uchungu. Kusini zaidi iko bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na kutoka huko reli ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Rhodesia tangu 1955. Bomba likalindwa na manowari, mafuta yakapita katika mabehewa ya tangi.

Na kampani za mafuta je? Ripoti ya uchunguzi wa Bingham, iliyochapishwa London mwaka 1978, ilieleza yote. Mafuta ya kampani za Shell na BP za huko kusini mwa Afrika yaliendelea kufika Rhodesia. Maneno yalipozidi mwaka 1968, ukafanywa mpango wa kubadilishana: kampani ya Total ya Afrika Kusini iwapelekee Rhodesia mafuta, nao Shell na BP wailipe Total mafuta kiasi kile kile ndani ya Afrika Kusini. Katika vitabu vya Shell na BP mteja wa Rhodesia akatoweka, lakini Smith aliendelea kupata mafuta yake. Wakubwa wa serikali ya London waliarifiwa habari ya mpango ule. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Pilato alinawa kwa maji. Hawa walinawa kwa petroli.

Kwa hivyo haitoshi kampani kusema, “Sisi hatumuuzii aliyekatazwa.” Yapasa iulize yule anayenunua kwake anampelekea nani. Mwenye duka dogo ameagiza mzigo wa kiwanda kizima, kwa nini? Anayelipa mbona si yule aliyeandikwa katika hati? Mzigo uliokuwa unakwenda mji fulani, mbona umegeuzwa njia ukiwa safarini? Na kampani hii iliyofunguliwa juzi, mwenyewe hasa ni nani nyuma ya jina? Maswali haya hayahitaji digrii. Makarani wetu wa mizigo huyauliza kila siku kwa ajili ya nauli na uzito.

Karatasi peke yake haiaminiki. Mwezi wa Februari 2012 Baraza la Usalama lilikataza makaa ya Somalia yasinunuliwe na nchi yoyote, kwa sababu Al-Shabaab walikuwa wakipata fedha humo. Makaa yakaendelea kufika Ghuba. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta vyeti vya uwongo vinavyosema makaa yametoka Komoro, Ghana au Kodivaa. Cheti kilikuwa na mhuri na kila kitu. Mtu aliyeshika gunia, akajua meli imetoka wapi, alikuwa na habari kuliko afisa aliyesoma cheti.

Lakini twasema pia, tusiwe watu wa kuogopa kila jina. Mwaka 2001 kampani ya Wasomali ya kupeleka fedha, Al-Barakaat, ilitiwa katika orodha ya Marekani na ya Umoja wa Mataifa, ikafungwa, na jamaa wengi waliokuwa wakitumiwa fedha za chakula na ndugu zao wakakaa bila kitu. Baadaye jina lake likaondolewa. Orodha huandika majina mengine ya mtu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, ili jina lisimfunge mtu asiyehusika. Katika pwani yetu na kaskazini wako akina Hassan Mohamed wangapi? Mwajiri anayemzuilia mtu mzigo kwa jina tu, bila kutazama hayo mengine, hajatii sheria yoyote. Ameonea mtu.

Kenya imo katika jambo hili. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi zahusu mali ya watu walioandikwa na Umoja wa Mataifa. Basi twawataka waajiri wafanye hivi. Wamtaje kwa jina afisa mmoja mwenye dhamana ya vikwazo, ambaye karani wa zamu ya usiku aweza kumpigia simu. Wafundishe watu kwa Kiswahili, katika saa za kazi, si kubandika karatasi ya Kiingereza ukutani na kusema mmeonywa. Hati za kila mzigo zitunzwe, pamoja na jina la mkubwa aliyeamuru behewa liondoke baada ya mfanyakazi kutia shaka. Hili la mwisho ndilo watakalolipinga sana, nasi ndilo tunalolishika sana. Anayetia shaka asipunguziwe mshahara wala kuhamishwa stesheni.

Tena iko gharama. Machi 1976 Samora Machel alifunga mpaka wa Msumbiji na Rhodesia, nchi ikiwa changa bado, na mapato ya reli na bandari zake yakaanguka. Kaunda alifunga njia ya kusini mwaka 1973, akaifungua tena Oktoba 1978 kwa kukosa mbolea, ijapokuwa TAZARA ilikwisha jengwa. Hatuwalaumu waliofunga. Lakini mzigo ukizuiwa na gari likakaa, kibarua wa siku asiwe ndiye anayelipa vikwazo kwa posho yake. Siku hiyo ihesabiwe ni siku ya kazi.

Maneno haya tunayapeleka katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya kuzungumza na waajiri. Wenzetu wa bandari wameombwa waje.