Kuanguka Hakuna Mwenyewe

Weka simu mezani. Kihisi cha mchapuko kilichomo ndani yake kinasoma 1g, msukumo wa meza inayoizuia isianguke. Isukume idondoke: ikiwa hewani kinasoma karibu sifuri, na kutoka meza ya mita moja haipiti nusu sekunde kabla haijagonga sakafu. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Haina mwenyewe.

Kampuni ya Marekani iitwayo iLife Technologies ilijiona inayo hati ya kuimiliki. Hataza yake namba 6,864,796 ilitokana na nia njema, kuwagundua wazee wanapoanguka. Lakini soma dai la kwanza: mzee humkuti, kuanguka hukukuti. Unakuta kihisi kinachohisi mchapuko wa "mwili" na kichakataji kinachoamua kama mwendo wake umo ndani ya kiwango kinachovumilika. Kinaamuaje? Kwa hesabu ipi? Kimya.

Kwa wavu mpana hivyo ikaivua Nintendo mwaka 2013, kwa sababu ya Wii, ile mashine ya michezo ya kupunga rimoti sebuleni. Ikataka dola milioni 144. Agosti 2017 juri la Dallas likaipa milioni 10.1. Bibi aliyeteleza bafuni na kijana anayecheza tenisi ya runinga, kapu moja!

Januari 2020 jaji wa kesi hiyo, Barbara Lynn, akalibatilisha dai hilo la kwanza, na malipo yakaenda nalo. Januari 2021 mahakama ya rufani ya Washington ikasema amepatia: kukusanya taarifa, kuzichakata na kuzituma ni wazo tupu, na wazo tupu halipewi hataza.

Wapo wanaolia kwamba jitu limemmeza mnyonge. Machozi hayo hayanilainishi. Hataza ni mapatano: wewe unaufundisha umma namna ya kukitengeneza kitu, umma unakuachia ukihodhi kwa miaka 20. Asiyefundisha analipwa kwa lipi? Na wavu ulioinasa Nintendo leo, kesho ungemnasa fundi mwenye kihisi kimoja na karakana ya kupanga. Anayetaka hataza ya kuanguka atuoneshe jasho lake: mashine yake inamtofautishaje bibi anayejibwaga kwenye kochi na bibi anayeporomoka ngazini? Akijibu hilo, alipwe hata mamilioni, nami nitampigia makofi.

Kinachoniudhi ni ile miaka 7 ya mawakili kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza siku ya maombi ya hataza. Enyi wakaguzi wa hataza, ulizeni "vipi?" kabla hamjagonga muhuri.