Aliyefunika Hakusafisha

Mtu akikuambia ameosha sufuria, wewe unaiinjika na kupika. Hakuambii: nimeiosha, ila usiipikie, usinywe maji yatakayotiwa humo, na kila baada ya miaka mitano nitapita kuiangalia. Akikuambia hivyo utamcheka, au utamwambia waziwazi kwamba sufuria haijaoshwa.

Likija suala la maji ya ardhini tumeacha kucheka. Rocky Mountain Arsenal, kiwanda cha zamani cha silaha za kemikali cha Jeshi la Marekani, nje kidogo ya jiji la Denver katika jimbo la Colorado, hutajwa kama mfano bora wa eneo "lililosafishwa". Nimelikuta neno hilo katika tafsiri za wenzangu na katika kitini kimoja cha kozi ya mazingira. Nimelisikia pia katika mdahalo ambao upande mmoja ulishinda kwa hoja hii: kama Wamarekani waliweza kugeuza kiwanda cha sumu kuwa hifadhi ya nyati, basi hakuna uchafu usiomalizika, na kelele za wanamazingira ni kelele tu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nasema maji yaliyo chini ya eneo lile hayajasafishwa. Yanalindwa yasitoke. Na sisi tunaosoma Kiswahili, ambao maneno ndiyo kazi yetu, tunamfutia mchafuzi deni lake kila tunapompa kitenzi asichokistahili.

Tuanze na kilichomwagwa. Jeshi lilifungua kiwanda hicho mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, katika ardhi ya kilimo yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 70. Hapo palitengenezwa gesi ya haradali na mabomu ya moto, na katika miaka ya 1950 ikatengenezwa sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Baada ya vita sehemu ya majengo ilikodishwa kwa makampuni binafsi. Shell ilitengeneza viuatilifu hapo tangu 1952 hadi 1982, zikiwemo aldrini na dieldrini, ambazo baadaye zilikuja kupigwa marufuku katika nchi nyingi. Majitaka ya mwanajeshi na ya mfanyabiashara yalikwenda pamoja kwenye mabwawa yaliyochimbwa ardhini bila kuzibwa chini. Kwa Kiswahili cha kawaida hayo ni mashimo. Na udongo wa pale una mchanga na kokoto, chini yake maji yakitembea polepole kuelekea kaskazini, kwenye mashamba ya watu.

Wa kwanza kujua walikuwa wakulima. Mwaka 1954, mwaka wa ukame, waliomwagilia kwa maji ya visima vyao walilalamika kwamba mazao yananyauka. Jeshi lilijibu kwa kujenga bwawa jipya mwaka 1956, Bwawa F, lenye hekta kama 38, likatandikwa lami chini ili lisivuje. Likavuja. Mwaka 1961 wakaja na wazo lingine: wakachimba kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600 na mwaka uliofuata wakaanza kusukumia majitaka humo, mbali na macho ya kila mtu. Muda si mrefu Denver ikaanza kutetemeka. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans alieleza hadharani kwamba matetemeko yalipanda na kushuka pamoja na kiasi cha majitaka yaliyosukumwa, na mwaka 1966 kazi hiyo ikasimamishwa. Matetemeko makubwa kabisa, likiwemo la Agosti 1967, yalikuja wakati kisima kimeshafungwa zaidi ya mwaka mzima. Hadithi hii ya kisima husimuliwa sana na wanajiolojia kama kituko cha kisayansi. Mimi naisoma kama ushahidi: yeyote aliyetangaza mwaka 1966 kwamba tatizo limekwisha kwa sababu pampu imezimwa, ardhi ilimkanusha.

Mwaka 1974 kemikali iitwayo DIMP iligunduliwa katika maji nje ya mpaka wa kiwanda. DIMP ni mabaki ya utengenezaji wa sarini, na utengenezaji wa sarini pale ulikoma mwaka 1957. Msomaji ahesabu mwenyewe: miaka 17 baada ya sarini ya mwisho, mabaki yake yalikuwa bado njiani.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na siwezi kuidharau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo ilijengwa mipakani mwa eneo. Kule kaskazini ulijengwa ukuta wa chini kwa chini, wa udongo uliochanganywa na mfinyanzi wa bentonaiti, ukashuka hadi kwenye mwamba. Maji yanapofika kwenye ukuta hukwama; visima huyavuta juu; hupitishwa kwenye makaa maalumu yanayonasa kemikali; kisha hurudishwa ardhini upande wa pili, yakaendelea na safari yake yakiwa yamechujwa. Ni kazi ya kihandisi yenye akili, na watu wanaoishi kaskazini ya pale wana haki ya kuishukuru.

Lakini hebu tuitazame kwa jicho la mtu wa lugha. Maji yaliyochujwa ni yale yaliyofika ukutani. Yaliyobaki nyuma ya ukuta, chini ya mabwawa ya zamani na majengo yaliyobomolewa, yangali na sumu yake, na kemikali zilizong'ang'ania punje za udongo huachia kidogokidogo, mwaka hadi mwaka. Mlinzi anayesimama getini usiku kucha ili mwizi asitoke hatusemi amemaliza wizi. Tunasema analinda, na mwisho wa mwezi tunamlipa.

Sasa neno "lililosafishwa" lilitoka wapi? Mwaka 1986 tai wenye vichwa vyeupe, ndege wa nembo ya taifa la Marekani, walionekana wakipumzika ndani ya eneo lile, kwa kuwa watu walikuwa wamezuiwa kuingia kwa miongo mingi. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuligeuza kuwa hifadhi ya wanyamapori baada ya kazi kukamilika. Mwaka 2007 wakaletwa nyati. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba kazi ya juu ya ardhi imekamilika, kwa gharama ya takribani dola bilioni 2.1. Magazeti yakapiga picha nyati na majengo marefu ya Denver nyuma yao. Picha nzuri sana, nami nimeitazama mara nyingi, na ni picha hiyo iliyoshinda mdahalo wetu.

Ambacho picha haionyeshi ni kwamba hifadhi ilikuwa pia njia ya kupunguza kazi. Eneo la makazi lingehitaji udongo ambao mtoto anaweza kuuchezea na kisima ambacho mama anaweza kukichota. Eneo la nyati halihitaji hivyo. Makubaliano ya mwaka 1989 kati ya wahusika yaliweka masharti ya kudumu: hapana kujenga makazi, hapana kulima, hapana kutumia maji yake ya ardhini kwa kunywa, hapana kuwinda wala kuvua kwa ajili ya chakula. Sehemu kubwa ya taka haikuondoka pale. Ilizikwa humohumo, katika majalala yaliyotandikwa na kufunikwa, na juu ya baadhi ya sehemu liliwekwa tabaka la zege lililopondwa ili wanyama wachimbao mashimo wasifukue. Kwa sababu hiyo sheria inadai ukaguzi kila baada ya miaka mitano. Sheria yenyewe, basi, haijasema kwamba kazi imekwisha. Waliosema ni sisi.

Kuna mwenzangu aliyenijibu kwamba haya ni mabishano ya istilahi, ya watu wenye nafasi. Namba zinampinga. Kwa upande wa DIMP, ushauri wa kiafya wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani ulikuwa mikrogramu 600 kwa lita. Jimbo la Colorado likaweka mikrogramu 8. Chukua ndoo ya maji yenye mikrogramu 100 kwa lita: mjini Washington ni maji, Colorado ni uchafu. Familia yenye kisima hicho itaunganishiwa bomba kwa gharama ya mchafuzi au itaachwa na kisima chake, kutegemea nani amepewa mamlaka ya kulitafsiri neno "safi". Colorado ilipolishikilia tafsiri yake, nyumba zilizokuwa na maji yaliyozidi kiwango cha 8 zilipatiwa maji mengine. Hiyo ndiyo istilahi ninayoizungumzia.

Na nani alitaka kulitafsiri neno hilo peke yake? Aliyemwaga. Serikali kuu ya Marekani ilidai mahakamani kwamba, maadamu kazi inaendelea chini ya sheria yake ya kitaifa, jimbo halina ruhusa ya kulibana jeshi kwa sheria ya jimbo ya taka hatari katika Bwawa F. Yaani jeshi lichafue, jeshi lisafishe, na serikali ya jeshi hilohilo iseme kama pamesafika. Wahenga wetu walishaiona kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa iliikataa hoja hiyo na kuipa Colorado haki yake. Ajabu ni kwamba ushindi huu hautajwi kabisa na wanaotuletea picha ya nyati. Kama kuna kitu cha kuiga kutoka Denver, mimi ningeanza na hukumu ile: mkaguzi asiyekula mezani kwa mkaguliwa.

Hata malipo yana la kusema. Jeshi na Shell walikubaliana kugawana gharama: dola milioni 500 za kwanza nusu kwa nusu, lakini zikipita milioni 700, jeshi hulipa asilimia 80 na Shell asilimia 20. Kwa kazi iliyofika mabilioni, na isiyo na tarehe ya kwisha kwa upande wa maji, maana yake ni kwamba kadiri miaka inavyosonga mlipakodi ndiye anayebeba. Mzigo wa kampuni unapungua kiasili kwa kupita kwa wakati tu.

Nakubali hoja moja ya wapinzani wangu, iliyo nzito. Wanasema maji ya ardhini yaliyochafuliwa hivi karibu hayawezekani kurudishwa yalivyokuwa, kwa hiyo kuzuia ndiyo njia pekee ya busara. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 1994, lilipitia maeneo 77 ambako maji yalikuwa yakivutwa na kuchujwa, na likakuta malengo yamefikiwa katika maeneo 8. Basi na tuseme hivyo! Tuseme hayasafishiki, tunayazuia, na tutalipa kwa vizazi. Hoja ya ugumu haiwezi kutumiwa mara mbili, mara moja kumwondolea mchafuzi wajibu wa kusafisha na mara ya pili kumpa cheti cha kuwa amesafisha. Na anayejua kwamba kuzuia hakuna mwisho atakuwa mkali zaidi mlangoni, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Msomaji wa Kampala hahitaji kwenda Colorado kulielewa hili. Mitaa yetu ya mabondeni ina chemchemi zilizojengewa saruji na kuwekewa bomba, na kwa lugha ya miradi huitwa chemchemi "zilizohifadhiwa". Saruji ni nzuri, inazuia matope na miguu ya ng'ombe. Lakini vyoo vya shimo viko juu ya mteremko, maji yanapita chini yake, na vipimo vya watafiti vimekuta vimelea vya kinyesi katika chemchemi hizohizo mara nyingi. Mama akisikia imehifadhiwa, hachemshi. Neno limefanya kazi ambayo saruji haikuifanya.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahadhiri na wenzangu wanaotafsiri ni dogo na la kiufundi. Kiswahili kina kuzuia, kuchuja, kufunika, kuzika, kuhamisha na kusafisha, na kila kimoja kina mtendaji wake na muda wake. Tunapofika Rocky Mountain Arsenal tuandike kwamba taka za juu zilizikwa na kufunikwa, kwamba maji yanazuiwa mipakani na kuchujwa, na kwamba Jeshi na Shell ndio wanaodaiwa gharama. Tuviache vitenzi vya maji katika wakati uliopo. Na katika mdahalo ujao, mtu akiinua picha ya nyati, aulizwe kama nyati huyo anaruhusiwa kuliwa.