Fedha za Tawi Zimlipe Mwalimu, Zisilipe Mashine



Naomba nafasi katika ukurasa wetu huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua ubishi tawini kwetu, na ambalo najua litayafikia matawi mengine pia. Kamati ya ustawi imependekeza kwamba fedha tulizochanga zitumike kuwalipia wanachama ada ya mwaka mzima katika jimu kubwa la mjini, lile lenye mashine nyingi na vioo kila ukuta. Wengi walishangilia. Mimi sikushangilia. Nasema fedha hizo afadhali zimlipe mwalimu mmoja wa mazoezi mwenye chumba chake kidogo, anayefundisha watu wachache wachache.

Kwanza niwajibu wale wanaouliza: mtu ashindaye akibeba magunia anataka mazoezi ya nini tena? Swali ni zuri, lakini kazi na mazoezi si kitu kimoja. Watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wameandika kwa miaka mingi kwamba kazi nzito haiupi mwili faida ile ile inayopatikana kwa mazoezi ya mtu kwa wakati wake mwenyewe. Sababu haijifichi. Kazi ni ya saa nyingi, mwendo ni ule ule mmoja, na mapumziko hupangwa na msimamizi. Mkata miwa wa Busoga hupiga panga kwa mkono mmoja, mgongo umeinama. Mchuma chai wa Toro hubeba kikapu mgongoni kutwa. Dada wa kiwandani husimama mahali pamoja zamu nzima. Mwili unachoka, lakini haujengeki sawasawa. Ndiyo maana na sisi yanatuhusu maneno ya Shirika la Afya Duniani, ambalo katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Sasa niseme yaliyonipata mwenyewe. Mgongo wangu uliumia nikipakia lori. Nikalipa ada ya miezi mitatu katika jumba moja kubwa la mazoezi. Siku ya kwanza kijana mmoja alinionyesha mashine kwa dakika kumi, kisha akaniacha. Nikawa namtazama jirani yangu na kumwiga. Yeye alikuwa kijana mzima, mimi nina mgongo mbovu. Wiki ya tatu mgongo ulikaza, nikalala kitandani siku nne. Nanyi mnajua kibarua asipofika kazini analipwa nini.

Baadaye mzee mmoja wa zamu yetu alinipeleka kwa mwalimu ambaye chumba chake hakizidi ofisi ya nyapara. Kabla sijagusa chuma chochote aliniuliza: Unafanya kazi gani? Wapi panauma? Unatumia dawa gani? Maumivu yanashuka mguuni? Akanituma hospitali kwanza. Niliporudi, kwa wiki mbili alinifundisha jambo moja tu, kuinama. Aliweka mpini wa ufagio mgongoni mwangu, uguse kisogo, mgongo na kitako, na nikunje nyonga bila mpini kuachana na mwili. Nilicheka. Leo ndivyo ninavyookota mzigo kazini, na sicheki tena.

Mashine haina macho. Haijui kwamba bega lako la kulia limechakaa na la kushoto ni zima. Mwalimu anayekutazama wewe anajua.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha uchunguzi juu ya wanachama wa majumba matatu ya mazoezi huko Marekani. Waliojifunga kulipa zaidi ya dola 70 kila mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kwa hiyo kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, na hali wangeweza kununua tiketi ya safari kumi na kulipa dola 10 kwa kila safari. Hao hawakuwa wajinga. Walijidhania wangekwenda mara nyingi, kama sisi sote tunavyojidhania siku ya kutia sahihi. Jumba kubwa hunufaika na ada ya wasiokuja, kwani wote wakija jioni moja hapatakuwa na pa kukanyaga.

Mtasema mwalimu wa peke yako ni anasa ya matajiri. Kwa mtu mmoja, ni kweli. Lakini chama ni cha nini basi? Watu wanne au watano wakishirikiana saa moja ya mwalimu, gharama inagawanyika. Tawi lilipe kwa mahudhurio, siyo kwa mwaka. Na usipofika, wenzako watakuuliza ulikuwa wapi, jambo ambalo mashine haiwezi kufanya.

Sisemi jumba kubwa halimfai mtu yeyote. Kijana mzima anayejua anachofanya na aende, kwa fedha zake. Wala si kila mwenye mikono minene ni mwalimu. Tumuulize alifundishwa wapi, na tumpime kwa maswali anayotuuliza. Asiyeuliza kazi yako wala maumivu yako, mwageni.

Neno la mwisho ni kwa waajiri. Mwalimu wa mazoezi asije akawa kisingizio chao. Mkataba namba 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unakataza kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake, na pendekezo lililofuatana nao linataja kilo 55 kuwa kipimo cha mwanamume mzima. Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kama gunia lenu linazidi kipimo hicho, dawa yake haiko chumbani kwa mwalimu. Iko kwenye meza ya mazungumzo, na hapo twende sote.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi huu. Kila mwanachama afike, asikie hesabu, apige kura. Mtaka cha mvunguni huinama. Nami naongeza, kwanza afundishwe namna ya kuinama.

Ni mimi ndugu yenu,
Mpakiaji wa zamu ya usiku