Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: Mnunuzi aambiwe gari liliumia wapi

Ndugu Kamishna,

Mimi ni fundi magari hapa Dar es Salaam. Wateja huniita niwakagulie gari la mtumba kabla hawajalipa, na karibu kila muuzaji au dalali hunipokea kwa maneno yaleyale: "Liligongwa kidogo tu, limeshatengenezwa lote." Nakuandikia kwa sababu ofisi yako inaweza kufanya maneno hayo yahakikiwe.

Mengine fundi huyaona mwenyewe. Bolti za fenda zikiwa zimekwaruzwa rangi, ujue fenda imewahi kufunguliwa. Sumaku haishiki vizuri bati lililojazwa puti. Mkanda wa usalama una lebo yenye tarehe uliyotengenezwa. Tarehe hiyo ikiwa ya miaka kadhaa baada ya gari lenyewe, mkanda ulibadilishwa, na watu hawabadilishi mkanda bila sababu. Nikifungua swichi, taa ya eabegi kwenye dashibodi inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa nashuku imekatwa kwa makusudi, na kwamba ndani ya usukani huenda hakuna eabegi tena. Hapo namwambia mteja aweke fedha zake mfukoni kwanza.

Lakini dalili hizi zinanionyesha tu kwamba gari liliguswa. Hazinionyeshi liliumia kiasi gani. Chesisi iliyopinda, ikanyooshwa kwa moto, ikachomelewa na kupakwa rangi nzito kwa chini, si rahisi kuitambua uani kwa mtu kwa tochi na jeki. Risiti ya EFD ya gereji, muuzaji akiwa nayo, inaonyesha kilicholipiwa. Kilichoachwa bila kutengenezwa hakimo.

Na kuna anayejua gari liliumia kiasi gani. Gari lenye bima kubwa likipata ajali, kampuni ya bima hutuma mkadiriaji wa hasara, naye huorodhesha kilichovunjika, cha kutengenezwa na cha kubadilishwa. Gharama zikiwa kubwa mno, mwenye gari hulipwa fidia ya hasara kamili na mabaki huuzwa. Kuna wanaoyanunua, wakayanyoosha na kuyarudisha sokoni. Orodha ya mkadiriaji, ambayo ndiyo ingemwezesha mnunuzi kulinganisha kilichoharibika na kilichotengenezwa, inabaki kwenye faili la kampuni.

Uingereza, tangu Oktoba 2017, gari ambalo bima imeacha kulitengeneza hupewa herufi. A hupondwa lote. B hutolewa vipuri, bodi ikapondwa. S ni lile lililoumia muundo lakini linatengenezeka, na N ni lile ambalo muundo wake haukuguswa. Japan, yanakotoka magari yetu mengi, karatasi ya mnada huandika R au RA kwa gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Likishauzwa hapa mara mbili tatu, karatasi hiyo haionekani tena.

Ndugu Kamishna, mfumo wenu wa TIRA MIS tayari unamwezesha mwananchi kuhakiki bima ya gari. Naomba mwongeze mambo mawili: kama gari lenye namba fulani ya chesisi liliwahi kulipiwa hasara kamili, na sehemu ambazo mkadiriaji aliandika kuwa zimeharibika. Jina la mwenye gari halihitajiki, wala kiasi alicholipwa.

Kampuni zitasema mabaki yatashuka bei. Yashuke. Nafuu inayopatikana leo kwa kuficha ubovu, anailipa baba anayewapandisha watoto wake kwenye gari lisilo na eabegi bila kujua. Ni kweli pia kwamba magari yenye bima ndogo tu hayataonekana humo, kwa hiyo sisi mafundi tutaendelea kulala chini ya magari na tochi zetu. Hata hivyo, yaliyoumia vibaya zaidi, yale ambayo wataalamu wa bima wenyewe waliona hayafai kutengenezwa, yangejulikana.

Naomba muanze na magari yatakayolipiwa fidia kuanzia mwaka ujao wa fedha. Ya nyuma yafuate kadiri mafaili yatakavyopatikana. Na kabla hamjaandika mwongozo huo, tuiteni mafundi tuseme ni sehemu zipi hasa mnunuzi anapaswa kuambiwa. Tutakuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi magari, Gerezani, Dar es Salaam