Hewa Tunayo, Itale Tunalo: Kipimo Je?

Mtu anayefika Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, huyasikia makarasha kabla ya kuyaona. Injini ya dizeli huvuta mkanda, mkanda huzungusha pipa la chuma lenye gololi, na mawe yenye dhahabu husagwa yakawa unga. Kazi hiyo yote imebebwa na kitu kidogo ambacho mpita njia hakitazami: beringi zinazoshika shafti. Vumbi la mawe likipenya ndani, grisi hugeuka tupa, beringi huanza kulia, kisha hukwama. Siku hiyo mwenye mawe hasagi, kibarua halipwi, na fundi hupanda pikipiki kwenda mjini kutafuta beringi nyingine iliyotengenezwa ng'ambo. Ile iliyokufa huokotwa na watoto wakaifanya gurudumu la kigari cha mbao.

Huenda msomaji aliye ofisini au darasani akaona kuwa hayo ni mambo ya mafundi wa gereji. La, hasha. Nchi isiyoweza kutengeneza beringi, wala kuipima, wala kuitambua iliyo njema na iliyo mbovu, itanunua kila mashine inayozunguka, na kila inapoharibika itanunua tena. Ili tuelewe ni nini hasa tunachopungukiwa, yafaa tuitazame beringi ya ajabu kuliko zote, ile isiyo na grisi, mafuta wala gololi. Hiyo ni beringi ya hewa.

Wazo lake si gumu. Shafti, au meza ya mashine, haigusani na kile kinachoibeba. Katikati hupitishwa hewa safi iliyoshindiliwa, kwa shinikizo lisilozidi lile la tairi la lori, nayo hewa hiyo huinyanyua. Zipo pia zisizohitaji pampu: shafti ikizunguka kwa kasi kubwa huivuta hewa yenyewe ndani ya mwanya mwembamba na kuelea juu yake. Ndivyo zifanyavyo kazi mashine za kupoza hewa katika ndege nyingi kubwa za abiria tangu miaka ya 1970. Wakati wa mzunguko hakuna chuma kinachosuguana na chuma, wala hakuna grisi ya kugeuka tupa.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini beringi hizo hazipo kila mahali? Sababu ni kwamba mnato wa hewa ni mdogo kuliko wa mafuta ya mashine kwa maelfu ya mara. Kitu chepesi namna hiyo hakiwezi kubeba mzigo ila mwanya uwe mwembamba mno. Mara nyingi mwanya huo hauzidi sehemu moja ya mia ya milimita, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara kadhaa. Tena chuma chenyewe hakitulii. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 100, ikipata joto la nyuzi 10 zaidi, hutanuka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya mia ya milimita. Yaani joto la mchana mmoja wa Shinyanga, likiingia katika shafti peke yake, laweza kuumeza mwanya wote.

Hapo ndipo nguvu ya mkono inapokoma na hesabu kuchukua nafasi. Mwaka 1886 Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, aliandika mlinganyo unaoeleza jinsi utando mwembamba wa mafuta unaovutwa katika mwanya unaopungua unavyozaa shinikizo la kubeba mzigo. Mwaka 1897 Albert Kingsbury, Mmarekani, alionyesha kwa majaribio kuwa shafti yaweza kubebwa na hewa tupu kwa njia hiyo hiyo. Lakini hewa, tofauti na mafuta, hushindilika. Shinikizo lake likibadilika, uzito wake katika nafasi ile ile hubadilika pia, na mlinganyo ukawa mgumu kuutatua kwa kalamu na karatasi. Leo kompyuta ya kawaida huigawa beringi katika vipande vidogo vidogo na kutafuta shinikizo la kila kipande.

Hesabu hiyo si pambo. Ndiyo inayomwambia mhandisi mapema kwamba kwa kasi fulani shafti itaanza kuyumba, ikizunguka nje ya kitovu chake kwa takriban nusu ya kasi yake, hata igonge ukuta na kuharibika. Na ndiyo inayomwonyesha dawa: kuchonga mifereji midogo, kuweka bati jembamba linalonesa, au kutumia kaboni yenye vitundu visivyohesabika ili hewa itoke sawasawa kila mahali. Uboreshaji wa beringi hizi huanza kwenye daftari, ndipo ukaingia karakana.

Sasa turudi nyumbani. Mashine nyingi za kupimia kwa usahihi mkubwa huwa na meza ya jiwe la itale, na mikono yake huteleza juu ya jiwe hilo kwa beringi za hewa. Mashine za kukereza zinazotoa vioo na kalibu za lenzi za kuvaa jichoni hushika shafti yake kwa hewa, na ncha ya kisu chake ni almasi. Basi hesabu, ndugu msomaji: hewa, itale na almasi. Hewa ni ya wote. Itale limetapakaa Usukumani kote, mawe makubwa ambayo watoto huyapanda wakichunga ng'ombe. Almasi iligunduliwa na John Williamson huko Mwadui mwaka 1940. Vitu vitatu ambavyo ufundi wa hali ya juu unavitegemea vimo katika mkoa mmoja wa Shinyanga.

Kinachokosekana ni cha nne, nacho ni kipimo. Si kila itale linafaa. Jiwe lazima lichaguliwe, likatwe, lisuguliwe na kupimwa hata unyoofu wake uaminike. Almasi nayo haina faida ya ufundi mpaka ikatwe kwa pembe inayojulikana. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi maarufu ya rangi ya waridi, nayo ikakatwa London. Jiwe lilikuwa la kwetu. Ustadi wa kulikata ulikuwa wa wengine. Hatuna haja ya kulia juu ya jiwe moja. Haja yetu ni kujiuliza kama leo hali imebadilika kwa kadiri inayotosha.

Baadhi ya watu watasema kuwa kuzungumzia beringi za hewa wakati karasha la Rwamgasa limekwama kwa kukosa grisi safi ni kuota ndoto za mchana. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba beringi ya hewa haifai karasha, kwani haiwezi kustahimili mapigo ya mawe, mzigo mkubwa na vumbi. Hakuna anayependekeza tuifunge huko. Lakini vinu vikubwa vya migodini mara nyingi huelea juu ya utando wa mafuta, na utando huo hufuata mlinganyo ule ule wa Reynolds. Anayeweza kukokotoa mwanya wa hewa hashindwi na mwanya wa mafuta. Na fundi anayejua kupima sehemu moja ya mia ya milimita ataiona shafti ya karasha iliyoliwa kabla haijaiua beringi ya pili na ya tatu. Mara nyingi beringi mpya hulaumiwa bure, kumbe kosa ni la shafti ambayo hakuna aliyeipima.

Taifa letu liliiona haja hiyo zamani. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha mashine za kutengenezea mashine kilijengwa mkoani Kilimanjaro kwa ushirikiano na Bulgaria. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini nazo zinaitaka migodi itumie bidhaa na huduma za Watanzania. Nia ipo. Lakini kuwa na duka mjini Geita linalouza beringi ya ng'ambo kwa risiti ya Mtanzania hakuongezi ujuzi hata chembe moja. Biashara hiyo ni halali, ila haipasi kuitwa kujitegemea.

Hapana budi tuchukue hatua zinazowezekana. Kwanza, ukanda huu wa madini upewe chumba kimoja cha vipimo, chenye joto lisilobadilika la nyuzi 20, ambacho ndicho kiwango kinachokubaliwa duniani, pamoja na meza ya itale na zana za kuhakikisha vipimo. Kahama ni mahali panapofaa, kwani mgodi wa Buzwagi ulipositisha uzalishaji mwaka 2021 eneo lake lilitengwa kwa ajili ya viwanda. Karakana za SIDO, vyuo vya VETA na wachimbaji wadogo wakitumie kwa ada ndogo. Pili, migodi mikubwa itoe beringi zake zilizokufa kwa wanafunzi wa uhandisi, wazichunguze, wakokotoe sababu, na kuandika walichokiona. Beringi mbovu ni kitabu, nasi tunakiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Tatu, watumishi wanaosimamia ununuzi waache kuitazama bei peke yake. Beringi ya bei nafuu inayosimamisha pampu ya maji ya mji kwa siku mbili ni ghali kuliko zote. Nne, walimu wasingoje maabara ya kifahari. Sahani bapa ya plastiki iliyotobolewa katikati, ikagundishwa kizibo na puto lililojazwa pumzi, itateleza juu ya meza laini kama isiyo na uzito. Mwanafunzi wa Bukombe aliyeiona siku hiyo hatauliza tena hesabu za shinikizo zina kazi gani.

Dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui zitakwisha siku moja, kwa kuwa hakuna mgodi usiokuwa na mwisho. Ujuzi wa kupima ukishaingia mikononi mwa vijana hauchimbiki ukaisha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli, lakini asiye na kibaba hawezi kujua kama kimejaa.