"Bali" Si "Lakini"

Waandishi wetu siku hizi wamelifanya "lakini" kibarua wa kila kazi. Penye kupinga hutumwa yeye, penye kusahihisha hutumwa yeye, na "bali" kaachwa barazani hana shughuli.

Hebu tazama, msomaji. Nikiandika, "Fulani hakuiba fedha, bali alikopa," nimemsafisha: la wizi nimelifuta, na mahali pake nimeweka la kukopa. Nikiandika, "Fulani hakuiba fedha, lakini alikopa," nimemtua mzigo mmoja nikamtwika mwingine. Msomaji atauliza mara moja: kakopa kwa nani, na mbona hajalipa? Neno moja tu, na heshima ya mtu imeingia mashakani.

Maneno haya mawili tumeyapata kwa Waarabu, nao huyatenga: lakin mbali, bal mbali. Wajerumani wana aber na sondern, Wahispania wana pero na sino. Mwingereza hutumia but kwa yote mawili, na nahofia huko ndiko tulikoambukizwa, maana habari nyingi hutufikia kwa Kiingereza nasi huzifasiri mbio mbio.

Mtu aweza kusema, mbona Kiesperanto chatosheka? Kweli. Zamenhof alipokitoa Warsaw mwaka 1887 aliweka sed, neno la Kilatini, lifanye kazi zote mbili, ingawa Kijerumani alikijua. Alikuwa akiunda lugha iliyo nyepesi kwa kila mgeni. Hiyo ilikuwa haki yake. Sisi yetu hatukuiunda, tumeirithi.

Wala tusidhani Kiswahili kilingoja Kiarabu ndipo kijue kupinga. "Ujapokuja usiku wa manane, nitakufungulia." Hapo -japo- imo tumboni mwa kitenzi chenyewe, haikukopwa kwa mtu. Na hayo tuliyoyakopa tumeyafinyanga tupendavyo: "walakini" ilikuja na wa yake ya Kiarabu, watu wetu wakaigeuza kuwa jina la kasoro, hata leo utasikia mbuzi ana walakini, na mchumba naye ana walakini!

Najua malenga wenzangu watanijibu kwa mizani: "bali" ni mbili, "lakini" ni tatu, "walakini" ni nne, na kipande cha nane hakingoji maana. Mimi siikubali hoja hiyo. Aliyepungukiwa na mizani moja na auvunje mshororo autunge upya, asimtwike mtu "lakini" ilhali haki yake ni "bali".