Swali Ambalo Sikuulizwa Dukani

Wasee wa 46, leo tuongee mambo ya tumbo. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukue kama daktari. Nimesoma tu, na kuna kitu kimenikera.

Mwezi uliopita homa ilinishika. Nikaingia duka la dawa karibu na stage, nikanunua Amoxil, tembe nne tu, juu hiyo ndio pesa nilikuwa nayo. Siku ya tatu homa bado iko, na tumbo sasa inaendesha. Aliyeniuzia hakuniuliza kitu. Mimi pia sikuuliza.

Kumbe ndani ya utumbo kuna matrilioni ya bakteria, na wengi ni wapangaji wazuri. Wanasaidia kusaga chakula na wanawanyima wabaya nafasi. Antibiotiki ikiingia inafurusha wazuri pamoja na wabaya. Na virusi vya homa? Haviguswi hata kidogo.

Alafu hao wapangaji wanaweza kuamua dawa itafanya kazi aje. Chukua digoksini, dawa ya moyo. Kuna bakteria anaitwa Eggerthella lenta ambaye huiua nguvu ikiwa bado tumboni. Watu wawili, dozi moja, matokeo tofauti.

Usiseme hayo ni ya majuu. Utafiti uliochapishwa 2019 ulifanywa hapa Kenya, pwani ya kusini. Watoto wachanga waliokuwa wanawekewa unga wenye madini ya chuma kwa uji walipopewa antibiotiki, dawa haikupunguza E. koli wabaya vile ilifanya kwa wale hawakupata chuma. Na waliharisha zaidi. Mathe, usitupe huo unga, kukosa damu pia ni hatari. Lakini mwambie daktari mtoto anakula nini.

Sisemi watu wa Kawangware ni wajinga. Ukiwa na soo moja mfukoni na mjengo unakungoja asubuhi, hauwezi anza na daktari. Lawama yangu iko kwa kaunta. Kisheria antibiotiki inafaa kuuzwa kwa karatasi ya daktari. Kama hiyo imeshindikana mtaani, basi angalau tuulizwe: unaumwa nini, umemeza dawa gani mwezi huu, na unatumia nini ingine?

Kuuliza ni bure. Na wakinyamaza, anza wewe kuwaambia.